Shajara ya mradi: kuelekea toleo 1.6.3 la maktaba ya hesabu

Jumatatu: kinachoingia na kinachobaki nje

Toleo 1.6.3 ni la kurekebisha hitilafu tu. Inayopanda ni tarakimu ya mwisho peke yake, na kwa mtumiaji hiyo ni ahadi: msimbo wake wa jana utaendelea kufanya kazi leo bila kuguswa hata mstari mmoja. Kwa hiyo kazi ya kwanza haikuwa kurekebisha, ilikuwa kukataa.

Zilizopokelewa ni tatu:

- Variansi (kipimo cha namba zinavyotawanyika) inayotoka hasi kwenye data za desimali za biti 32.
- Mediani inayotoa jibu lolote lile safu ikiwa na NaN (alama ya "si namba") ndani yake.
- Kinyume cha matriki kinachotoa namba kubwa za ajabu kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo yenye kichakataji cha ARM), wakati kompyuta za Intel zinasema wazi kwamba matriki haina kinyume.

Zilizokataliwa ni nyingi zaidi. Fanksheni mpya ya wastani wenye uzito ni nzuri lakini inasubiri 1.7. Kuharakisha mpangilio wa safu kunasubiri pia, maana kila uharakishaji unakuja na hitilafu zake. Lililobishaniwa kweli ni ombi la kubadili kigawanyo cha variansi kutoka n kwenda n−1. Anayeomba ana hoja, kwa sababu vitabu vingi vya takwimu vinatumia n−1 kwa sampuli. Ila nyaraka zetu zinasema kigawanyo ni n, kama ilivyo kwenye NumPy, maktaba maarufu ya namba ya Python, na anayetaka n−1 ana kigezo cha kuweka. Fanksheni inafanya kilichoandikwa, basi si hitilafu. Kubadili jambo hilo ndani ya toleo la kurekebisha ni kumgeuzia mtu majibu usiku amelala.

Jumanne: variansi ya −512

Hii ndiyo sababu hasa ya kutoa toleo. Watumiaji wengi wa Nyanda za Juu Kusini wanachakata data za vituo vidogo vya hali ya hewa, vile vyenye kihisi cha mgandamizo wa hewa cha BMP280 na kidhibiti cha ESP32, vilivyosimikwa kwenye mashamba ya viazi Uyole na ya chai Mufindi. ESP32 ina kitengo cha desimali cha biti 32 pekee, na hesabu za biti 64 inazifanya polepole kwa programu. Kwa hiyo data zinafika kwetu zikiwa biti 32 tayari, na maktaba ilikuwa inazichakata hivyo hivyo.

Mbeya mjini iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na mgandamizo wa hewa huku unacheza karibu na Paskali 82,500. Chukua vipimo viwili tu: 82,501 na 82,504. Wastani ni 82,502.5, kila kipimo kiko mbali nao kwa 1.5, na variansi ni 2.25. Mtoto wa sekondari anaipata kwa kalamu. Maktaba ilitoa −512, na mkengeuko sanifu ukawa NaN, kwa sababu namba hasi haina kipeuo cha pili halisi.

Fomula ya zamani ilikuwa: wastani wa vipeo vya pili, toa kipeo cha pili cha wastani. Kwenye karatasi ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba kipeo cha pili cha 82,501 ni 6,806,415,001, na namba ya biti 32 ina biti 24 tu za tarakimu. Kwenye ukubwa huo, namba mbili zinazofuatana zinaachana kwa 512, na kila kitu katikati kinakadiriwa. Hivyo:

- 82,501² inahifadhiwa kama 6,806,414,848.
- 82,504² inahifadhiwa kama 6,806,909,952.
- Jumla yake inaangukia katikati kabisa ya namba mbili zinazohifadhika (huko juu zinaachana kwa 1,024), ikashushwa, na nusu yake ikawa 6,806,662,144.
- 82,502.5² ikakadiriwa kwenda juu: 6,806,662,656.

Toa ya mwisho kutoka ile ya juu yake, unapata −512. Ni sawa na kutafuta uzito wa utingo kwa kupitisha lori kwenye mizani mara mbili, akiwa ndani na akiwa ameshuka: kosa la mizani ni kubwa kuliko utingo mwenyewe.

Mwinuko wetu hauhusiki. Dar es Salaam, kwenye Paskali 101,300, namba zinaachana kwa 1,024, kwa hiyo hali ni mbaya zaidi. Wala kubadili Paskali kuwa hektopaskali hakuponyi chochote, ingawa pendekezo hilo limekuja kutoka pande kadhaa. Namba zote zinapungua kwa uwiano uleule, na kosa nalo linapungua kwa uwiano huo. Kinachosaidia ni kutoa kwanza, ndipo upandishe kipeo.

Marekebisho yaliyochaguliwa ni njia ya Welford ya mwaka 1962. Kila kipimo kinapoingia, wastani unasogezwa kidogo, na kinachojumlishwa ni tofauti na wastani, si kipeo cha namba nzima. Kwa vipimo vyetu: wastani unaanza 82,501, kinaingia 82,504, tofauti ni 3, wastani unakuwa 82,502.5, jumla inaongezeka kwa 3 × 1.5 = 4.5, gawa kwa 2, jibu ni 2.25. Biti 32 zilezile, hakuna kilichopotea.

Njia ya kupita data mara mbili, ya kwanza kutafuta wastani na ya pili kujumlisha vipeo vya tofauti, ni nzuri vilevile, na NumPy inafuata njia hiyo kwenye `var`. Imeachwa kwa sababu moja: maktaba yetu inakubali data zinazotiririka, na mkondo hauwezi kusomwa mara ya pili. Kupandisha kila kitu kuwa biti 64 kungefunika tatizo kwa data za namna hii, maana kwenye ukubwa huo namba za biti 64 zinaachana kwa chini ya sehemu moja ya milioni ya kizio, lakini fomula mbovu ingebaki pale pale ikimsubiri mwenye namba kubwa zaidi.

Jumatano: Raspberry Pi ina majibu yake

Jaribio jipya la variansi liliandikwa kwanza likiwa linadai −512 kwenye msimbo wa zamani, ili tuwe na uhakika linakamata hitilafu yenyewe. Kwenye Intel likapita. Kwenye Raspberry Pi 4 msimbo uleule wa zamani ukatoa 149.75.

Namba hiyo ilifungua hitilafu ya tatu. Vichakataji vya ARM vya biti 64 vina amri ya FMA, yaani kuzidisha na kujumlisha kwa pamoja na kukadiria mara moja tu mwishoni. Kompaila ya GCC, usipoiambia vinginevyo, inaunganisha `a*b + c` kuwa FMA kila inapoweza. Kwa Intel, kifurushi cha kawaida kinalenga vichakataji vya msingi vya x86-64 visivyo na amri hiyo, kwa hiyo hakuna cha kuunganisha. Jibu la Pi halikuwa sahihi zaidi, lilikosea kwa upande mwingine.

Sasa angalia kitambuzi cha matriki ya 2 kwa 2: `a*d - b*c`. Kwenye matriki yenye 0.1 kila mahali, jibu ni sifuri. FMA inakadiria zidisho moja na kuliacha lingine likiwa kamili, halafu inatoa. Kinachobaki ni mabaki ya ukadiriaji, kitu kisichozidi 8.7e-19. Msimbo wetu uliuliza `if (det == 0)`, ukajibiwa siyo, ukaendelea kugawa kwa namba hiyo ndogo. Ndiyo maana mtumiaji wa Pi akapata kinyume chenye namba za kutisha bila onyo lolote.

Dawa ya kweli ni kuacha kulinganisha na sifuri, na kupima kitambuzi dhidi ya ukubwa wa matriki yenyewe. Hiyo inabadilisha majibu kwa watu wa Intel ambao hawana tatizo, hivyo imeandikwa kwenye orodha ya 1.7. Kwa 1.6.3 tumeweka `-ffp-contract=off` kwenye faili la matriki peke yake. Majibu ya Intel hayaguswi, na Pi inafanana nayo.

Majaribio mengine yaliyokuwa yakianguka kwenye Pi kwa tofauti ya biti ya mwisho yamepewa uvumilivu wa hatua 4 za ukadiriaji badala ya usawa kamili. Uvumilivu haukuongezwa pale ambapo jibu ni namba nzima au sifuri. Huko usawa kamili unabaki, la sivyo hitilafu kama hii ya kitambuzi ingepita kimyakimya.

Alhamisi asubuhi: mediani na NaN

Hii ni fupi. Mpangilio wa safu ulitumia `qsort`, fanksheni ya C ya kupanga, na kilinganishi cha kawaida, `(a > b) - (a < b)`. NaN ikilinganishwa na chochote, majibu yote mawili ni uongo, kwa hiyo kilinganishi kinarudisha 0: NaN ni "sawa" na 3, na ni "sawa" na 1, wakati 3 na 1 si sawa. `qsort` haina wajibu wa kupanga vizuri ukiidanganya hivyo. Jibu lilitegemea NaN imekaa wapi kwenye safu.

Nyaraka zinasema NaN ikiwemo, jibu ni NaN. Sasa safu inapitiwa kwanza, NaN ya kwanza ikionekana tunarudisha NaN na kuacha. Anayetaka kuziruka ana fanksheni nyingine ya kazi hiyo.

Tahadhari kwa wanaokompaili wenyewe: msitumie `-ffast-math`. Alama hiyo inaiambia kompaila kwamba NaN haipo duniani, nayo inafuta ukaguzi huu wote kama takataka. Usanidi wetu sasa unasimamisha ujenzi kwa ujumbe wa wazi ikiona `__FAST_MATH__` imewekwa.

Alhamisi mchana: kuhamisha marekebisho

Marekebisho yote yaliingia kwanza kwenye tawi kuu la msimbo (linaloelekea 1.7), halafu yakahamishwa kwenda tawi la `1.6.x` kwa `git cherry-pick -x`. Hiyo `-x` inaandika kwenye ujumbe ni komiti gani ya asili, na mwaka kesho mtu akiuliza kama hitilafu fulani ilirekebishwa kwenye matawi yote mawili, jibu lipo. Kuanza kwenye tawi la zamani ndiko kunakozaa ile aibu ya hitilafu iliyokufa 1.6 kufufuka 1.7.

Mgongano ulikuwa mmoja, kwenye faili la variansi, kwa sababu tawi kuu limeshabadili majina ya vigezo. Ulitatuliwa kwa kuandika Welford kwa majina ya zamani, si kwa kuvuta komiti ya kubadili majina. Ukivuta moja kwa ajili ya nyingine, jioni utajikuta umehamisha nusu ya 1.7.

Ijumaa: toleo la majaribio na ujenzi wa vifurushi

`1.6.3rc1` imewekwa. `pip`, kisakinishi cha Python, haiichukui mpaka uandike `--pre` au utaje toleo hilo lenyewe, kwa hiyo haiwezi kumwangukia mtu kwa bahati mbaya.

Vifurushi vya .whl, yaani vilivyokompailiwa tayari, ni 20: Python 3.10 hadi 3.13, mara mifumo mitano (Linux ya x86_64 na ya aarch64, macOS ya aina zote mbili, na Windows). Linaongezeka faili moja la msimbo chanzo la .tar.gz. Vya Linux vinajengwa ndani ya mazingira ya manylinux2014, yenye glibc 2.17 (maktaba ya msingi ya Linux, toleo la zamani), na hivyo vinafunguka hata kwenye kompyuta za maabara ambazo hazijasasishwa miaka mingi. Vyote vimekompailiwa dhidi ya NumPy 2. Vilivyojengwa hivyo vinakubali pia NumPy 1.x za karibuni, ilhali vilivyojengwa kwa 1.x vinagoma kwenye 2.

Yaliyokwama:

Faili la .tar.gz lilijengeka vizuri ndani ya ripo (hazina ya msimbo) na kuanguka nje yake. Kichwa kipya cha Welford, faili la `.h`, hakikutajwa kwenye `MANIFEST.in`, orodha ya faili za kufungashwa, kwa hiyo hakikuingia kwenye kifurushi. Ndani ya ripo kompaila inakiona pale kilipo, na hugundui kitu. Kipimo cha kweli ni kulifungua faili hilo kwenye folda tupu na kujenga kutoka hapo, na sasa hatua hiyo inafanywa na seva kila komiti.

Faili za `.so`, zenye msimbo uliokompailiwa, zilikuwa nene kupita kiasi. Python hupitisha alama ya `-g` kwenye ujenzi, na taarifa za kutafutia hitilafu zinabaki ndani. Tumeweka `-Wl,--strip-debug` kwenye Linux. Kwa mtu anayepakua kwa bando la simu, jambo hili lina maana kuliko hitilafu mbili kati ya tatu.

Tofauti za biti kwenye Windows hazikuonekana. Kuna jaribio moja la namba nzima lililokuwa likianguka na NumPy 1.26 huko, kwa sababu namba nzima ya kawaida ya Windows ilikuwa biti 32 mpaka NumPy 2.0 ilipoibadilisha mwaka 2024. 46,341 ukiizidisha kwa yenyewe tayari imefurika. Aina imeandikwa wazi kuwa `int64` ndani ya jaribio. Maktaba yenyewe haikuguswa.

Jumatatu: maelezo ya mabadiliko

Aya ya variansi imeandikwa upya mara kadhaa. "Usahihi umeboreshwa" haimsaidii mtu. Mwenye ripoti aliyokwisha kuwasilisha anataka kujua kama namba zake zimeguswa, na ana haki ya kupewa kipimo cha kujikagua.

Kipimo ni hiki: gawa wastani kwa mkengeuko sanifu, pandisha kipeo cha pili, zidisha kwa 6e-8 (yaani 0.00000006). Unapata takriban kosa la uwiano kwenye variansi ya zamani. Kwa mgandamizo wa Mbeya wenye mkengeuko wa Paskali 1.5, uwiano ni 55,000, na kosa ni kama mara 180 ya jibu lenyewe: takataka tupu. Kwa joto la wastani wa nyuzi 18 za Selsiasi na mkengeuko wa 4, kosa ni kama sehemu moja kwa milioni, wala usihangaike. Joto hilohilo kwa Kelvini, wastani 291, kosa linapanda hadi kama sehemu 3 kwa 10,000. Kwa kazi nyingi linavumilika. Data za biti 64 zilizopita kwenye fanksheni hiyo hazihitaji kurudiwa, isipokuwa uwiano wenyewe uwe mkubwa kupindukia.

Mkengeuko wa kutumia hapo usiwe ule uliotolewa na toleo la zamani. Tumia kiwango unachokijua cha kihisi, au hesabu upya kwa 1.6.3.

Jumanne: kutoa

Utaratibu uliofuatwa, kwa atakayetoa 1.6.4:

Namba ya toleo inabadilishwa mahali pamoja tu, `pyproject.toml`. Komiti hiyo haibebi kitu kingine. Kisha `git tag -s v1.6.3`, na kusukuma tagi pekee. Tagi ndiyo inayoamsha seva ya ujenzi, nayo inapakia PyPI, ghala la vifurushi vya Python, kwa utambulisho wake yenyewe, bila nenosiri kukaa kwenye kompyuta ya mtu. Msimu wa mvua umeme ukikatika Mbeya katikati ya kazi, upakiaji hauna habari. Kupakia faili 21 kutoka mezani kwa mtandao wa simu ni kutafuta toleo lenye vifurushi nusu, na `pip` ya mwenye mfumo uliokosa kifurushi itaanza kukompaili toka mwanzo kwenye mashine isiyo na kompaila.

Kabla ya tagi, mzunguko mzima ulipitishwa TestPyPI, ghala la majaribio, na `twine check`. PyPI haikubali jina la faili lilelile mara ya pili, hata ukilifuta la kwanza. Ukipakia kibovu, kilichobaki ni kuliondoa toleo kwenye uchaguzi kwa `yank`, ambako `pip` inaliruka isipokuwa kwa aliyelitaja kwa `==`, na kutoa 1.6.4.

Baada ya kutoka: mazingira mapya, sakinisha, endesha vipimo viwili vya Mbeya. 2.25 kwenye Intel, 2.25 kwenye Pi, 2.25 kwenye Windows. Alama za sha256, za kuthibitisha kwamba faili hazijabadilika, zimelinganishwa na zilizotolewa na seva.

Kwa maabara zisizo na intaneti, fanya hivi kwenye kompyuta yenye mtandao, ukiweka jina la maktaba penye X:

`pip download --only-binary=:all: --platform win_amd64 --python-version 3.12 -d flashi X==1.6.3`

Bila `--platform` utapata vifurushi vya kompyuta yako, si vya maabara. NumPy itakuja humo humo, nayo peke yake inazidi MB 10, kwa hiyo pakua mara moja na kunakili kwenye flashi zote. Maabara, anza na `pip uninstall X`, halafu:

`pip install --no-index --find-links=E:\flashi X==1.6.3`

Kama bado inasoma 1.6.2, angalia kwanza `python -m pip --version`. Mara nyingi kuna Python mbili kwenye mashine moja, na toleo jipya limeingia kwenye ile isiyotumika.

Vilivyobaki wazi kwenda 1.7: ulinganisho wa kitambuzi na ukubwa wa matriki, wastani wenye uzito, na kovariansi, ambayo bado inatumia fomula ya zamani kwenye mkondo wa data. Mpaka hapo, anayehitaji kovariansi ya mgandamizo na joto kwa biti 32 atoe kwanza 82,500 kwenye safu ya mgandamizo. Kovariansi haibadiliki kwa kutoa namba moja kwenye safu nzima, na tarakimu zinasalimika.